Jinsi ya kuandika maarifa ya mimea kutoka kwa wazee, hatua kwa hatua (na kwa nini jina la mti peke yake halitoshi)

Daftari langu la kwanza la mimea lina kurasa 40 zilizojaa mwandiko na mpaka leo sijui nilifanyie nini. Ndani kuna mistari ya namna hii: "mti fulani, tumbo, chemsha majani unywe". Basi. Majani mangapi? Mabichi au makavu? Yachemke kidogo tu au mpaka maji yabaki nusu? Tumbo la kuharisha au tumbo la kufunga choo, maana hayo ni mambo mawili yanayopingana kabisa? Na mti wenyewe ni upi, kwa sababu jina lile baadaye nimekuja kukuta linatumika kwa mimea mitatu tofauti. Wawili kati ya wazee walionipa muda wao wakanieleza yote yale wameshafariki, kwahiyo hamna wa kurudi kumuuliza. Walinipa maarifa kamili, mimi nikaandika vipande.

Huu mwongozo ni kwaajili ya mtu yeyote anayetaka kukaa na wazee wa jamii yake, au jamii iliyomkaribisha, aandike wanavyotumia mimea, iwe dawa, chakula, kamba, rangi, sumu ya samaki, dawa ya mifugo, mbao, chochote. Sio mwongozo wa kutibu watu. Ni wa kuandika vizuri ili kilichoandikwa kimsaidie mtu miaka 50 ijayo, wakati wewe na aliyekuambia wote hampo.

Kabla ya yote: elewa kwa nini vitu vidogo ndio vyenye uzito

Watu wengi wakianza wanakimbilia kujaza majina mengi, mimea 100, mimea 200. Nakuomba usifanye hivyo. Maarifa hayakai kwenye jina la mmea, yanakaa kwenye kitendo: kuloweka, kuponda, kukamua, kuanika, kumwaga maji ya kwanza. Ukikosa kitendo kimoja umepoteza kitu chote, na mara nyingine umemwachia mtu sumu.

Chukua mahindi. Watu wa Mexico na Amerika ya Kati wameyachemsha na chokaa au majivu kwa maelfu ya miaka kabla ya kuyasaga. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya zilikwenda punje tu, utaratibu ukabaki nyumbani. Maskini waliokuja kuyategemea kama chakula chao kikuu wakaanza kuugua pelagra, ngozi inababuka, mtu anaharisha, akili inavurugika, mwisho anakufa. Daktari Gaspar Casal aliuelezea ugonjwa huo huko Hispania mwaka 1735, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukaja kuua watu wengi sana kusini mwa Marekani. Ilikuwa ni ukosefu wa niasini, yaani vitamini B3. Kwenye mahindi niasini ipo, ila imefungwa, na mwili hauipati vizuri mpaka punje ipite kwenye chokaa au majivu. Hebu fikiria, kile ambacho mgeni alikiona ni mazoea tu ya jikoni ndicho kilichokuwa kinamlinda mtu asife.

Au chukua nardoo, mmea mdogo wa majini wa Australia. Mwaka 1861 wavumbuzi Burke na Wills walikwama Cooper Creek, chakula kimewaishia, wakawa wanakula nardoo waliyoona wenyeji wa hapo, watu wa Yandruwandha, wanaitumia. Walikula wakashiba na huku wanazidi kudhoofika, mpaka wakafa wote wawili. Mwenzao King aliyechukuliwa na Yandruwandha akaishi nao akapona. Wanasayansi waliokuja kuichunguza nardoo wamekuta ina kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na maelezo yanayotolewa ni kwamba Yandruwandha walikuwa na namna yao ya kuiandaa inayopunguza madhara yake, ambayo wale wageni hawakuifuata.

Na wa tatu huu naupenda kuliko yote. Tu Youyou wa China alikuwa anatafuta dawa ya malaria, na mmea wa qinghao ulikuwa unampa majibu yasiyoeleweka, leo unafanya kazi kesho haufanyi. Akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, akakuta ameandika uchukue konzi ya qinghao, uloweke kwenye maji, ukamue, unywe. Hamna kuchemsha! Akahisi joto ndilo linaloharibu dawa, akatumia etha, kimiminika cha kuyeyushia ambacho kinachemka kwenye nyuzi 35 tu hivi, na mwaka 1971 akapata dondoo lililofanya kazi vizuri kwa panya na nyani. Hapo ndipo ilipotoka dawa ya malaria ya artemisinini, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Yaani mtu aliandika kitendo sahihi na kipimo, miaka zaidi ya 1,600 baadaye mstari wake ukaokoa mamilioni. Kama Ge Hong angeandika kama mimi kwenye daftari langu la kwanza, "qinghao, homa", Tu Youyou angebaki anachemsha tu.

Sasa twende kwenye kazi.

Hatua ya 1: Ruhusa, na hii usiiharakishe

Usianze na kalamu. Anza na mazungumzo kuhusu unachotaka kufanya, kwa nani, na kitakwenda wapi. Hata kama ni bibi yako mzaa mama, mwambie wazi: "Bibi, nataka kuandika haya mambo ya miti, nitayaweka kwenye daftari, watayasoma wadogo zangu na watoto wao." Akikubali hilo hajakubali kuwekwa mtandaoni. Hivyo ni vitu viwili na kila kimoja kinaombwa peke yake.

Kwa jamii nzima unapita kwa viongozi wao kwanza, unaeleza mbele ya watu, unawapa muda wa kujadiliana bila wewe kuwepo, alafu unarudi kusikiliza jibu. Na jibu linaweza kuwa hapana. Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili la mwaka 2007 linatamka kwamba jamii hizi zina haki ya kudhibiti na kulinda maarifa yao, na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa uliopitishwa 2010 ukaanza kutumika 2014, inataka ridhaa itolewe kabla ya kazi na kwamba faida ikipatikana igawanywe kwa haki. Nchi nyingi zina sheria zake pia, kwahiyo kama unatoka chuo au una mradi ulizia kibali cha utafiti mapema, kinaweza kuchukua miezi.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu watu wameumizwa. Wasan wa kusini mwa Afrika wametafuna mmea wa hoodia tangu enzi kuzuia njaa na kiu wakiwa mawindoni. Katikati ya miaka ya 1990 taasisi ya utafiti ikachukua hataza (haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi) ya kiungo chake cha kuzuia hamu ya kula bila Wasan wenyewe kushirikishwa, na ni mpaka 2003 ndipo makubaliano ya kugawana faida yaliposainiwa, tena baada ya kelele nyingi. Kwahiyo mzee akikutazama kwa mashaka ukitoa simu kurekodi, usimuone mgumu. Ana sababu.

Ila kuandika nako kunalinda. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza kwa matumizi ya manjano kutibu vidonda, kitu ambacho kila nyumba India inakijua. India ikaipinga kwa kuleta ushahidi wa maandishi, yakiwemo ya zamani sana, na 1997 hataza ikafutwa. Maneno ya mdomo peke yake yangepata shida sana kusimama pale. Unaona mtego ulipo: usipoandika anaweza kuja mtu kudai amegundua yeye, ukiandika na kumwaga kila kitu hadharani umempa mtu yuleyule orodha ya kuanzia. India wakajibu kwa kujenga maktaba ya kidijitali ya maarifa ya jadi ambayo iliwekwa kwaajili ya wakaguzi wa hataza, sio kwa kila mtu. Wewe kwenye ngazi ya kijiji unaweza kufanya kitu cha namna hiyo kwa daftari mbili: moja la wote, moja la ndani. Kwenye kila ukurasa weka alama tangu siku ya kwanza, W kwa kinachoruhusiwa kwa wote, N kwa kinachobaki ndani. Msemaji ndiye anayechagua herufi, sio wewe.

Mwisho kwenye hili, kubalianeni kuhusu jina lake. Wengine wanataka jina lao liandikwe wazi, na ni haki yao kabisa kutambuliwa. Wengine hawataki. Uliza, andika jibu.

Hatua ya 2: Vifaa

Havina gharama kubwa. Daftari lenye jalada gumu, penseli (sio kalamu ya wino, wino unayeyuka ukinyeshewa, penseli haifutiki na mvua), simu yenye kamera na kinasa sauti, betri ya akiba, rula, mkasi wa kupogolea au kisu kikali, magazeti ya zamani mengi, vipande vya kadibodi, mikanda miwili au kamba, bahasha za karatasi za kuwekea mbegu, na mzani mdogo wa jikoni. Mzani watu wanausahau. Utaona kazi yake huko mbele.

Hatua ya 3: Chagua wa kuongea naye

Kosa kubwa ni kwenda kwa mganga peke yake. Mganga anajua mengi ndio, lakini mchungaji ndiye anayejua mmea gani ukiliwa na mbuzi anavimba tumbo. Seremala anajua mbao ipi haiingii mchwa. Mama anayepika kila siku anajua mboga ya porini ipi inaliwa ikiwa changa tu na ikikomaa inawasha koo, mkunga ana yake, mvuvi ana yake, na watoto jamani, watoto wanajua matunda ya porini kuliko mtu yeyote kwa sababu wao ndio wanaoyala. Kaa na wote hao, kila mmoja kwa wakati wake, maana ukiwaweka pamoja mwenye sauti kubwa anaongea na wengine wananyamaza.

Njia rahisi ya kuanza ni kumwomba mtu akutajie mimea yote anayoijua kwa jambo moja, tuseme yote inayoliwa wakati wa njaa, bila kumkatisha. Andika kwa mpangilio uleule anaoutaja. Inayotajwa mapema na watu wengi ndiyo iliyo hai kwenye jamii, na inayotajwa na mzee mmoja tu ndiyo ya kuwahi.

Hatua ya 4: Tembeeni

Maongezi ya ndani ya nyumba yanakupa majina. Maongezi ya porini yanakupa mimea. Mwombe msemaji atembee nawe, taratibu kwa mwendo wake, na kama hana nguvu ya kutembea atume kijana anayemwamini alafu urudi na tawi zima, sio jani moja, umwonyeshe athibitishe. Jani moja lililonyauka linamchanganya hata bingwa.

Mkiwa njiani usiulize maswali yanayobeba jibu. "Hii inatibu malaria eti?" ni swali baya, mzee kwa heshima atakwambia ndio. Uliza "Hii mnaitumiaje?" au "Huu mti una kazi gani?" na ukishauliza nyamaza. Ukimya unawafanya watu wakumbuke. Mara nyingi jambo la maana zaidi linakuja wakati umeshafunga daftari mnarudi, kwahiyo acha kinasa sauti kikiendelea kama amekuruhusu.

Hatua ya 5: Maswali ya kujaza kwa kila mmea

Hapa ndipo moyo wa kazi. Kwa kila mmea na kwa kila matumizi (mmea mmoja unaweza kuwa na matumizi matano, kila moja linaandikwa peke yake) hakikisha umepata haya.

Jina kwa lugha ya msemaji, liandike kama linavyotamkwa na umrekodi akilitamka. Maana ya jina, kama lina maana. Jina mara nyingi lina taarifa ndani yake, ladha, harufu, mnyama anayeupenda, ugonjwa. Uliza pia kama kuna mwingine unaofanana nao, wapo wanaosema huu ni dume na ule ni jike, au huu wa mtoni na ule wa mlimani. Ukisikia hivyo simama hapo hapo ujue tofauti zake zote, maana inaweza kuwa mimea miwili isiyo na undugu wowote.

Sehemu inayotumika: jani, gome, mzizi, ganda la mzizi, utomvu, ua, tunda, mbegu. "Mzizi" peke yake haitoshi, kwa sababu ganda la mzizi na kiini chake vinaweza kuwa na nguvu tofauti. Umri wa mmea. Msimu na saa ya kuchuma. Mbichi au kavu, na kama ni kavu imeanikwa juani au kivulini.

Namna ya kuchuma pia. Wazee wengi wana kanuni zao hapa na ni za uhifadhi hasa, mfano kutochuna gome kuzunguka shina lote, maana mti uliozungushwa unakufa. Prunus africana, mti wa milimani Afrika ambao gome lake linauzwa nje kwa dawa ya tezi dume, ulichunwa ovyo kiasi kwamba biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa wa CITES tangu 1995. Namna mojawapo iliyoelekezwa kuunusuru ni kuchuna pande mbili tu zinazotazamana na kuacha nyingine mbili zipone. Ukikuta kanuni kama hiyo iandike kwa maneno ya mzee mwenyewe.

Maandalizi: kila kitendo kwa mpangilio wake. Najua inachosha, lakini uliza "alafu?" mpaka aseme basi. Njia nzuri kuliko zote ni kumwomba aandae mbele yako ukitazama na kurekodi video, kwa sababu kuna vitu mtu anavifanya bila kujua anavifanya, mkono wake umezoea, na hawezi kuvitaja kwa mdomo. Anamwaga maji ya kwanza. Anatoa mshipa wa katikati wa jani. Anatumia chungu na sio sufuria. Mihogo michungu ni mfano unaojulikana duniani kote, mtu akikwambia "tunaloweka tunaanika tunasaga" ameruka siku ngapi, na ukipunguza siku za kuloweka unabakiza sumu ya sianidi inayoweza kumlemaza mtu miguu.

Kipimo. Hapa ndipo mzani unapofanya kazi. Mzee atasema konzi moja, ukufi mmoja, kipande cha urefu wa kidole. Usibadilishe maneno yake, yaandike hivyohivyo, alafu mwombe achote kama anavyochota siku zote, uweke kwenye mzani, uandike gramu. Fanya mara tatu, uone zinavyopishana. Kikombe chake kipime kwa maji. Kidole kipime kwa rula. Dakika tano za kazi na umegeuza "kidogo tu" kuwa kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukifuata.

Anapewa nani, mara ngapi, siku ngapi, na muhimu sana, nani HAPEWI. Mjamzito? Mtoto chini ya umri gani? Mwenye presha? Ikizidi inakuwaje, na wanafanya nini ikizidi? Mzee anayejua dawa kweli anajua pia madhara yake, na swali hili wengi hawajawahi kuulizwa na mtu, utaona wanavyofunguka.

Na mwisho, amejifunza kwa nani, ameitumia mwenyewe au amesikia tu. Hayo mawili yatenganishe.

Hatua ya 6: Picha

Mmea mzima na mazingira yake, shina kwa karibu, gome, jani upande wa juu na upande wa chini (upande wa chini una siri nyingi, vinyweleo, rangi), jinsi majani yalivyopangwa kwenye tawi, ua, tunda lililokatwa katikati, utomvu kama upo. Weka rula kwenye picha angalau moja. Programu za kutambua mimea kama PlantNet na iNaturalist zinasaidia kukupa pa kuanzia, lakini zinakosea, hasa kwa mimea isiyopigwa picha nyingi, kwahiyo usiandike jina la kisayansi kwa kuamini simu. Na kama mmea ni adimu au una soko, zima lokesheni kabla hujapiga, maana picha inaweza kubeba ramani ndani yake na ukiisambaza umewaonyesha wavunaji njia.

Hatua ya 7: Sampuli kavu

Wengi wanaruka hapa na ndipo kazi yao inapokosa thamani. Picha ni nzuri, ila tawi lililokaushwa ndilo ushahidi, mtaalamu anaweza kulishika, kulipima, na hata miaka 100 baadaye akirekebisha jina, maelezo yako yote yanafuata jina jipya bila kupotea.

Nikupe kisa kinachoonyesha majina yanavyoua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza uzito huko Brussels, Ubelgiji ilikuwa inawapa wanawake vidonge vyenye mmea wa Kichina unaoitwa fang ji. Lakini kuna fang ji zaidi ya moja. Iliyokusudiwa ni han fang ji, yaani Stephania tetrandra, iliyoingia ni guang fang ji, yaani Aristolochia fangchi, ambayo ina asidi inayoharibu figo na kuleta saratani. Wanawake wapatao 100 waliharibika figo. Mimea miwili, familia mbili tofauti kabisa, jina moja.

Jinsi ya kufanya: kata tawi la sentimita 30 hadi 40 lenye majani na lazima liwe na ua au tunda, bila hivyo ni vigumu kulitambua. Mmea mdogo ng'oa na mzizi wake, lakini usichume kabla hujahesabu. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kama huoni mingine kama 20 hapo jirani, usiuguse, piga picha tu. Lipe tawi namba. Namba hiyohiyo iandike kwenye daftari, kwenye gazeti, kwenye jina la picha na kwenye rekodi ya sauti, yaani kila mahali 27 ni 27.

Lilaze kwenye gazeti ukilinyoosha, geuza jani moja moja uonekane upande wa chini, funika na gazeti, weka kadibodi, tawi lingine juu yake, kadibodi, hivyohivyo. Banisha kati ya mbao mbili, kaza kwa mikanda au weka mawe. Siku za mwanzo badilisha magazeti kila siku bila kukosa, ukizembea siku mbili unakuta ukungu umeshaingia. Weka penye hewa inayopita. Kwa kawaida wiki moja hadi mbili inakauka, ukiligusa halina ubaridi na halipindi. Matunda manene na mizizi katakata vipande ukaushe pembeni kwenye bahasha yenye namba ileile.

Lebo: namba, jina la wenyeji, mahali, tarehe, aliyechuma, mazingira (kando ya mto, kwenye mwamba, shamba lililoachwa), urefu wa mmea, na vitu vitakavyopotea ukikauka kama rangi ya ua na harufu. Andika rangi ya ua siku hiyohiyo, ua jekundu likikauka linakuwa kahawia na hutakumbuka.

Chuma nakala mbili au tatu kama mmea upo wa kutosha. Moja peleka hebaria, yaani hifadhi ya mimea mikavu, ya chuo kikuu au makumbusho ya nchi husika, wana wataalamu wa kulitambua na wengi wanafurahi kupokea sampuli yenye lebo nzuri. Moja ibaki kwa jamii. Jina la kisayansi ukishapewa liangalie tena kwenye Plants of the World Online ya bustani ya Kew, ni bure, itakwambia kama jina limebadilika, maana yanabadilika kweli.

Hatua ya 8: Usijaribu mwilini

Fupi tu hii. Usinywe, usionje ili kuthibitisha, usimpe mtu kwa sababu umeandika. Mbegu ya mnyonyo ina risini, inaua. Mimea mingine ni salama peke yake lakini inagombana na dawa za hospitali, mmea maarufu wa St John's wort unapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya baadhi ya ARV. Kwenye kila ukurasa wa dawa andika juu kabisa: "haya ni maelezo ya matumizi, sio maelekezo ya kutibu". Na ukiona msemaji anatumia kitu unachojua kwa hakika ni sumu, mwambie ulichokisoma kwa heshima, alafu msikilize, inawezekana ana hatua ya kuiondoa ambayo hujaiandika bado.

Hatua ya 9: Rudi

Ukishamaliza kuandika kwa usafi, rudi kwa kila msemaji umsomee maneno yake kwa lugha yake. Sio kwa heshima tu, ingawa ni heshima pia. Utashangaa makosa yatakayotoka. "Hapana, sikusema kunywa, nilisema kusukutua." Kosa la neno moja. Hapo pia anaweza kubadilisha W kuwa N, na ukurasa unahama daftari bila mjadala.

Linganisha watu. Wakikubaliana watatu au wanne ambao hawakufundishwa na mtu mmoja, hilo lina uzito. Wakipingana usichague mshindi, andika wote wawili na kila mmoja amesema nini, inawezekana wanaongelea mimea miwili yenye jina moja, na umeshajua la kufanya, toa sampuli namba mbili waangalie.

Hatua ya 10: Tunza na gawa

Nakala tatu sehemu tatu: karatasi moja, kwenye simu au kompyuta moja, kwa mtu mwingine unayemwamini moja. Memori kadi zinakufa, simu zinaibiwa. Karatasi ya penseli iliyotunzwa pakavu inadumu kuliko vyote hivyo. Faili za sauti zipe jina lenye namba ya mmea na tarehe, usiziache na majina ya simu yasiyosomeka.

Nakala ya jamii ichapishwe kwa lugha yao, herufi kubwa, picha nyingi, ikae mahali wanapochagua wenyewe na mtu wa kuitunza wanayemchagua wao. Kama kuna eneo, pandeni ile mimea ya kwenye daftari la W, na namba zilezile ziandikwe kwenye vibao, mtoto akiuona wa 27 akafungue ukurasa wa 27. Na kwenye ukurasa wa mwisho wa kila mmea acha nafasi tupu ya nusu ukurasa, maana mzee ataendelea kukumbuka, atakuita siku nyingine akwambie kuna kitu alisahau, na kinatakiwa kiwe na pa kuandikwa.